Kisanduku Nilichokifuta

Jumapili jioni, nyumbani Kiogoro. Mvua ya mchana imekatika na migomba inadondosha matone kwenye mabati ya jikoni. Nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji moto kwa sababu viatu vya kanisani vimeniadhibu.

Nimeshtuka. Nilishtuka Ijumaa, nikashtuka tena jana, na leo ndiyo nimeshtuka kabisa.

Wanaosoma blogu hii wanaijua kazi yangu. Nina duka la kuchapa mjini Kisii: kadi za harusi, mabango, fulana za kwaya, na zaidi ya vyote vijitabu vya mazishi. Watu wa kwetu hawazikani kimyakimya. Mimi ndiye ninayewasahihishia majina ya wapendwa wao, na nikiona jina limeandikwa kwa namna mbili katika ukurasa mmoja, ninampigia simu hata mjane niulize. Nina maringo na kazi hiyo, sikatai. Jina la mtu halikosewi dukani kwangu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema mpaka Ijumaa saa za chai.

Sasa nieleze habari za Sista, la sivyo hakuna atakayenielewa.

Huko Magwagwa nilikozaliwa kuna zahanati ya misheni, na katika zahanati hiyo kuna mtawa kutoka India aliyekuwa mkunga tangu kabla sijazaliwa. Mimi mwenyewe nilitua mikononi mwake, na binti yangu pia. Jina lake la utawa ni Sista Filomena, lakini hakuna anayelitumia. Watu walimwita Kwamboka, jina letu la mtu aliyevuka, kwa kuwa alivuka bahari kutufikia. Anazungumza Ekegusii cha kukukemea uache kulia ukiwa na uchungu wa kuzaa. Sasa amezeeka, magoti yamemchosha, na shirika lake limemwita arudi kwao kusini mwa India, wanakozungumza Kitelugu. Leo ndiyo ilikuwa misa ya kumuaga.

Mama yangu ni mwenyekiti wa akina mama wa parokia, na wazo la zawadi lilitoka kwake. Siku moja alikuwa zahanati akipimwa presha, simu ya Sista ikalia. Alikuwa kaka yake, kutoka India, na Sista kwa kuwa masikio yamepungua aliweka sauti juu. Mama akamsikia yule mzee akimwita dada yake kwa jina ambalo yeye hakuwahi kulisikia. Anasema uso wa Sista ulibadilika, ukawa wa msichana. Mama akakaa na jambo hilo moyoni. Miaka yote tuliyomjua tumemwita jina la kanisa au jina tulilompa sisi, na lile alilopewa na mama yake mzazi tulikuwa hatujui hata kama lipo.

Kwa hiyo mama akaamua kwamba Sista ataondoka na jina hilo, limechongwa kwenye jiwe laini la Tabaka, kijiji cha wachongaji, kwa herufi za kwao India. Tumrudishie jina lake, aliniambia, na akanikabidhi kazi yote kama kawaida yake, bila kuniuliza.

Kazi haikuwa ngumu. Padre alimpa mama namba ya kaka yake Sista, nikamwandikia kwa Kiingereza nikamweleza. Ni mwalimu mstaafu, mpole, mwenye kuandika sentensi ndefu zenye nukta na mkato kila panapostahili. Alifurahi sana. Akanitumia jina: Tsukkamma. Kisha akanitumia lilelile kwa herufi za Kitelugu, zile za mviringo, nzuri kuliko herufi zozote nilizowahi kuziona. Nikalinakili kutoka kwenye simu, nikalibandika kwenye programu yangu ya kuchorea, ile ya zamani ninayoipenda kwa sababu haina maswali mengi.

Hapo ndipo kilipotokea kile kitu.

Mwanzoni mwa jina kulikuwa na kisanduku kitupu. Mstatili mdogo, ndani hakuna kitu. Wenzangu wa kazi hii wanavifahamu visanduku hivi. Watu hututumia risala za mazishi kwa simu, na katikati ya maneno wamejaza vikatuni vya uso unaolia, mishumaa, mikono iliyokunjwa. Ukivibandika kwenye programu ya zamani, vyote vinageuka visanduku vitupu. Kazi yangu kila siku ni kuvifuta. Nimevifuta vingi mno hata kidole changu kinavifuta chenyewe kabla akili haijafika.

Nikakifuta. Nilidhani yule mzee ameanza na ua au moyo.

Mara tu nilipokifuta, jina likabadilika kidogo. Mwanzoni pakatokea duara la nukta ndogondogo, nadhifu, na kamkia kidogo upande wa kulia. Nikaona ni zuri. Nikasema moyoni, kumbe hawa watu wana herufi ya namna hii, duara la nukta tupu. Nikachapa karatasi kubwa, nikaipeleka Tabaka.

Mjomba wangu Onsongo ndiye mchongaji. Kwetu mjomba tunamwita Mame, na huyu Mame hana utani na jiwe. Alibandika karatasi juu ya bamba la jiwe jeupe lenye mishipa ya waridi, akatoboa nukta moja moja kwa ncha ya kisu, halafu akachonga. Mke wake akalisugua kwa msasa na maji, akalipaka nta. Nilipokwenda kuliona nilitokwa na machozi. Zile nukta alikuwa amezifanya kwa upendo wa pekee, kila moja shimo la mviringo lenye kina, kwa sababu, aliniambia, ndizo alizozielewa. Herufi nyingine alizifuata tu. Jiwe likapelekwa Magwagwa kwa mama, likafunikwa kitenge.

Ijumaa mama akalipiga jiwe picha akanitumia. Nami, kwa maringo yangu, nikamtumia kaka yake Sista.

Jibu lake lilikuja wakati namimina chai. Aliniuliza kwa adabu yote, iko wapi herufi ya kwanza ya jina la dada yake, na lile duara limetoka wapi.

Chai ilimwagika kwenye kibodi. Nilikaa nikitazama simu.

Nilimuuliza, lile duara si ndiyo herufi? Akaniambia hapana. Katika herufi zote za Kitelugu hakuna duara la nukta. Duara hilo ni la kompyuta. Kisha, kwa kuwa mwalimu hastaafu, akanifundisha, na nitaandika hapa kama nilivyoelewa mimi.

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba. Dunia nzima imekubaliana kwamba kila herufi ya kila lugha ipewe namba yake, na simu ikipokea namba inachora herufi. Ikiwa programu yako haina mchoro wa namba hiyo, inakuwekea kisanduku kitupu, maana yake: hapa kuna herufi, naijua namba yake, ila sina sura yake. Kumbe kisanduku hakikuwa takataka. Herufi ilikuwemo mle ndani mzimamzima. Mimi ndiye niliyeitoa.

Na duara? Kwa Kitelugu irabu nyingi hazisimami peke yake, zinashikilia konsonanti. Lile “u” la Tsukkamma ni kamkia kinachoning'inia kwenye herufi ya “tsa”. Nilipoifuta “tsa”, kamkia kikabaki bila wa kumshika, na kompyuta ikakichorea duara la nukta kuonyesha kwamba hapa anakosekana mtu.

Nilisoma maelezo hayo nimesimama. Tulikuwa tumechonga kwenye jiwe, kwa ufundi wa Tabaka, alama ya kompyuta inayosema herufi imepotea. Na tulikuwa tunampelekea mama wa watu kama jina lake.

Nikamuuliza kwa nini herufi hiyo tu, wakati nyingine zote zilitokea. Akasema ni herufi ya zamani. Wengi siku hizi huandika jina hilo kwa “cha” ya kawaida, yenye namba 0C1A, na kila programu inaijua. Yeye kwa makusudi kabisa ameandika kwa “tsa”, namba 0C58, ambayo hata kwao vijana hawaijui. Mama yao alimwita dada yake kwa sauti ya “tsa”, si “cha”, na yeye hataki jina la dada yake lisomwe vingine. Hii hapa, nimeibandika: ౘ. Kama kwenye simu yako umeona kisanduku kitupu, basi umeelewa shida yangu yote bila mimi kuendelea.

Mimi ni Mkisii. Nimekua nikimwita mama yangu “baba” nyumbani, kwa sababu kwetu baba ni mama, halafu nikifika shuleni neno hilohilo linavaa suruali. Kwa hiyo kitu kimoja kusomeka tofauti mahali tofauti hakikupaswa kunishinda. Na lugha yangu ina irabu saba mdomoni na tano kwenye karatasi. Tunaandika hivyohivyo na hakuna anayeuliza mbili zilikwenda wapi. Labda ndiyo maana nilikifuta bila kuwaza. Nimezoea herufi kukosekana.

Nikampigia Mame Onsongo. Jua lilikuwa linatua, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba familia ya mama yangu imegawanyika. Mama aliolewa kwa Wakatoliki, ndugu yake alibaki Msabato, na Msabato wa Tabaka Ijumaa jioni ameshaosha mikono.

“Moraa, Esabato imeingia,” aliniambia. “Kisu nimekiweka.”

Nilimweleza harakaharaka. Mwishowe akauliza kama zile nukta ndizo kosa. Nikamwambia ndiyo. Akashusha pumzi. Akasema yeye alichonga vile karatasi ilivyosema, na karatasi niliileta mimi. Hakuwa ananilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Akaniambia Jumapili alfajiri atakuja Magwagwa na vyombo vyake, na kati ya sasa na wakati huo tuombe.

Sikulala vizuri. Nilijilaumu kwa Kiswahili, kwa Ekegusii na kwa Kiingereza.

Jana nikaenda kwa mama kumwambia uso kwa uso. Nilikuwa nimejipanga maneno. Nilipoingia uani nikakuta akina mama wa parokia wamekaa kibarazani na vitambaa vyeupe vya kichwani magotini mwao, wakishona kwa uzi wa rangi ya zambarau. Nikamwinamia mmoja nitazame anachoshona.

Duara la nukta. Lenye kamkia.

Kila kitambaa. Mama alikuwa ameliona kwenye jiwe akalipenda, akawaambia wenzake hilo ndilo ua la Sista, na wote watalivaa siku ya kumuaga. Nilishika nguzo ya kibaraza.

Nilimvuta mama jikoni nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza, mikono ikiwa imejaa uzi.

“Kwa hiyo tutavaa kichwani kwamba jina lake halipo,” alisema.

Nilimwambia ndiyo, baba, ndivyo hasa. Akakaa kwenye kigoda. Mama yangu si mtu wa kukaa katikati ya kazi. Nikamwambia tulifiche jiwe, tumpe Sista kitu kingine, kikapu, blanketi, chochote. Akakataa. Akasema blanketi Sista anayo, jina ndilo hana. Kisha akainuka akarudi kushona, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini anaendelea.

Leo asubuhi Mame Onsongo alifika kabla ya kengele ya kwanza, na mfuko wa vyombo begani, suti yake ya kanisani mwilini. Tulikwenda chumba cha nyuma cha kanisa ambapo jiwe lilikuwa limefichwa. Alilitazama, akapitisha kidole gumba ndani ya duara, pale palipo patupu.

Akasema nje ya duara hakuna nafasi, herufi zimeshafika ukingoni. Ndani ya duara nafasi ipo, tena ya kutosha. Nilipomwonyesha herufi kwenye simu yangu ili achonge, akatikisa kichwa.

“Sitaifuata tena karatasi nisiyoijua, wala simu. Nataka mwenye jina anionyeshe kwa mkono wake.”

Nikamwambia mwenye jina hajui lolote, ni zawadi ya ghafla. Akaniambia basi ataijua kwa ghafla. Ukibishana na mchongaji mwenye suti unapoteza wakati. Kwa hiyo baada ya misa, wakati watu wanatoka kwenda kwenye mahema na sufuria za matoke zinafunuliwa, mimi ndiye niliyemshika Sista mkono nikampeleka chumba cha nyuma. Mama alitufuata, kitambaa kichwani, duara la nukta juu ya paji la uso.

Nilikuwa nimepanga kuungama kabla ya kufunua. Sista alikuwa mwepesi kuliko mimi. Aliona kitenge, akajua ni zawadi, akakivuta.

Alitazama jiwe. Midomo yake ikaanza kusoma, polepole, kama mtu anayekanyaga mahali ambapo zamani palikuwa na ngazi. Nilisikia “kka”. Nilisikia “mma”. Kisha akarudi mwanzoni, akaweka kidole kwenye duara, akakiacha hapo.

Nikamwaga yote. Kisanduku, namba, programu ya zamani, risala za mazishi, vitambaa vya akina mama. Nilikuwa nalia na sikujali. Nilimwambia tulitaka kumrudishia jina lake na mimi nimeitupa herufi yake ya kwanza, na hilo duara ni kompyuta tu inayosema hapa anakosekana mtu.

Hakuonekana kunisikia. Kidole chake kilikuwa kinatembea kutoka nukta hadi nukta, kinaingia kila shimo. Akauliza nani alichonga hizi. Mame akasema ni yeye. Akauliza aliambiwa na nani maana ya jina. Mame akasema hajui maana yoyote.

Sista akaanza kucheka. Kicheko cha chinichini, bega linatikisika, mpaka akashika meza.

“Hii,” alisema, kidole ndani ya nukta moja, “kwetu inaitwa tsukka. Nukta. Tone. Na ile ya usiku, ya mbinguni, nyota, hiyo pia ni tsukka. Ni neno moja. Mimi ndiye Tsukkamma.”

Nilimtazama mama. Mama alipeleka mkono kwenye paji lake la uso, akagusa uzi wa zambarau.

Sista akatuambia kwamba kijijini kwao mama yake alikuwa akiamka kabla ya watu wote, anafagia mlangoni, ananyunyiza maji, halafu anachora chini kwa unga wa mchele. Daima alianza na nukta. Anapanga nukta za unga kwanza, nyingi, kwa mpango, halafu ndiyo anapitisha mstari kuzizunguka mpaka umbo linatokea. Watoto walikatazwa kukanyaga. Alisema hajaziona nukta hizo tangu alipoondoka, na leo zimekuja kwenye jiwe la Wakisii, na kwenye vichwa vya akina mama aliowazalisha.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilidhani nimesamehewa na tunaweza kwenda kula matoke.

Mame Onsongo akakohoa. Akamwambia kwa heshima kwamba bado kuna nafasi ndani ya duara, na yeye amekuja na kisu. Akampa kipande cha mkaa. Sista akakipokea kwa furaha, akainama juu ya jiwe, akachora tumbo la herufi, mviringo mzuri uliojaa. Mkono ukapanda juu kumalizia.

Ukasimama.

Tulisubiri. Mkaa ulikuwa umening'inia juu ya jiwe. Akaufuta mchoro kwa kiganja, akaanza tena. Tumbo likatoka vilevile, zuri, na mkono ukasimama palepale. Aliinua uso akanitazama, na sijawahi kumwona na uso huo, hata siku mtoto alipokataa kulia chumba cha kujifungulia.

“Juu yake kuna kitu,” alisema. “Kichwani. Kaka yangu alinifundisha, nilikuwa mdogo. Moraa, sikikumbuki.”

Nje kwaya ilikuwa inaimba. Huyu mama anajua jina la kila mtoto wa lokesheni hii na la mama yake na la bibi yake. Amezisema lugha zetu mpaka ya kwao imemtoka mikononi, na sisi tulikuwa tunamshangilia kila alipotutania kwa Ekegusii, hatukuwahi kujiuliza anakilipia kwa kitu gani. Hapo ndipo niliposhtuka kabisa.

Halafu nikakumbuka simu. Simu yangu ni mpya, haina shida na namba ya zamani. Nikafungua ujumbe wa kaka yake, nikaikuza ile herufi moja mpaka ikajaza kioo chote, nikamwekea mbele. Akaishika simu kwa mikono miwili. Kwa muda alitazama tu. Kisha akaweka kidole kwenye kioo akaifuata, tumbo, mgongo, mpaka juu, na kile kijialama cha kichwani akakipitia mara nyingi, kama anavyowafundisha akina mama wapya kumshika mtoto.

Aliporudi kwenye jiwe mkono haukusimama.

Mame akachonga palepale, koti amelivua, vumbi jeupe likimwangukia kwenye suruali nyeusi. Hakuongea. Jiwe letu ni laini, lilimtii. Alipopuliza vumbi, herufi ilikuwa imekaa katikati ya nukta zake, na kamkia pembeni kimepata wa kumshika. Nilipiga picha nikaituma India. Jibu lilikuja haraka, na safari hii mwalimu hakuweka nukta wala mkato. Aliandika jina la dada yake tu, kwa herufi zao, mara tatu mfululizo.

Tulilibeba jiwe nje. Akina mama wakapiga vigelegele, wakamzunguka, kila mmoja na duara lake kichwani, wakajaribu kulisema jina. Lilitoka kila namna: Chukama, Sukama, Sukuma. Sista alikuwa anacheka na kuitikia yote. Mimi nililijaribu likanishinda. Nimelisoma kwa macho tangu mwanzo wa mwezi na ulimi wangu haukuwahi kulitamka.

Mama yangu hakusukumana na wengine. Alisimama nyuma karibu na sufuria, na mwiko mkononi. Hajawahi kuliona jina hilo kwenye simu, wala namba yake, wala kisanduku. Alilisikia tu, siku ile anapimwa presha, na kumbe alikuwa ameliweka.

“Tsukkamma,” aliita, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu aje kula.

Ilikuwa “tsa”. Ilikuwa ileile hasa. Na Sista, mwenye magoti mabovu na masikio yaliyopungua, aligeuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akigeuka maisha yangu yote.

Maji ya beseni yamepoa. Kesho nafungua duka, na najua zitakuwepo risala zenye visanduku vitupu. Kwa kila kimoja nitampigia simu aliyekituma niulize.